Hiari Yashinda Utumwa: Safari ya Matuta ya Ukambani

Milima ya Mbooni na Kilungu katika Kaunti ya Makueni imekatwa ngazi ngazi kutoka kileleni hadi bondeni. Ukivuka Mto Athi na kuingia Kitui, utaziona ngazi hizo hizo kwenye miinuko inayouzunguka mji wa Kitui. Ni matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na kwa vijana wengi yamekuwapo siku zote, kama mawe na mibuyu.

Wazee wanajua vingine. Kuna wakati babu na bibi zao walichimba matuta kwa amri ya chifu, nao wakayachukia. Kuna wakati yaliachwa yakabomoka. Kisha wananchi wenyewe wakayachimba upya, mengi zaidi kuliko yale ya kwanza, bila kusukumwa. Mlima ulikuwa ule ule, jembe lile lile na watu wale wale. Kilichobadilika ni nani aliyeamua na nani aliyefaidika.

Makala haya yanaeleza jinsi sera na matukio ya takribani karne moja yalivyoiumba ardhi ya Ukambani, na kwa nini historia hiyo bado ina uzito mwananchi anapoitwa kwenye kikao cha bajeti katika wadi yake.

Ardhi ilivyobanwa

Kabla ya ukoloni, Wakamba waliishi na ukame kwa kutegemea mambo matatu: mvua mbili za mwaka, mifugo na nafasi ya kuhama. Mvua ikikosekana upande mmoja, mifugo ilipelekwa upande mwingine, na familia ziliomba hifadhi kwa jamaa waliokuwa na chakula. Biashara nayo ilisaidia. Katikati ya karne ya 19, mfanyabiashara Kivoi wa Kitui alikuwa mashuhuri kwa misafara ya pembe za ndovu iliyofika hadi Mombasa.

Karne ya 19 ilimalizika vibaya. Njaa ya miaka ya 1898 hadi 1900, ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye kwa kuwa ilienea kila mahali, iliua watu wengi. Ilikuja pamoja na ugonjwa wa ndui, baada ya maradhi ya mifugo kupunguza ng'ombe katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Katika miaka hiyo hiyo reli ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa, na utawala wa Waingereza ulikuwa ukikita mizizi.

Utawala huo ulileta mipaka. Wakamba waliwekewa maeneo yao rasmi, yaani rizavu. Milima ya Mua, yenye udongo mzuri, ikapewa walowezi wa Kizungu. Nyanda za Yatta, ambako watu walizoea kulisha mifugo, zikahesabiwa kuwa ardhi ya serikali. Mfugaji alihitaji kibali na kulipa ada ili kuzitumia. Watu waliongezeka na mifugo ikaongezeka, lakini mlango wa kuhama ulikuwa umefungwa.

Matokeo yalionekana kufikia miaka ya 1930. Malisho yalikwisha, mvua ikashuka juu ya ardhi tupu, na makorongo yakachimbika mashambani. Ukame na nzige viliongeza machungu. Maofisa wa serikali walioandika ripoti kuhusu hali ya Machakos, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni yote ya leo, waliona janga.

Mmomonyoko ulikuwepo kweli, na maofisa hawakuubuni. Walipotafuta sababu, hata hivyo, waliyatazama zaidi makosa ya mfugaji na idadi ya ng'ombe wake. Mipaka iliyombana mfugaji huyo haikupewa uzito huo huo. Dawa waliyoiandika ilifuata mtazamo huo.

Ng'ombe wa 1938

Mwaka 1938 serikali ilianza kupunguza mifugo ya Wakamba wa Machakos kwa lazima. Kila eneo liliwekewa kiwango cha ng'ombe kinachoruhusiwa. Waliobakishwa walipigwa chapa na waliozidi walitakiwa kuuzwa mnadani. Kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River kilichohitaji ng'ombe wengi kwa bei ya chini. Maelfu ya ng'ombe walichukuliwa.

Kwa familia ya Kikamba, ng'ombe hakuwa nyama tu. Alikuwa akiba ya benki, mahari ya kijana, maziwa ya mtoto na chakula cha mwaka wa njaa. Kumchukua mnyama huyo kwa bei ya kutupa kulikuwa sawa na kuvunja ghala la nyumba.

Wananchi walijipanga. Chama cha Ukamba Members Association kiliundwa, na msemaji wake mashuhuri akawa Muindi Mbingu. Mwishoni mwa Julai 1938, umati wa wanaume, wanawake na watoto ulitembea kwa miguu hadi Nairobi kuonana na Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Walipiga kambi Kariokor na kukaa majuma kadhaa wakidai kusikilizwa. Mwezi Agosti Gavana alikwenda Machakos kuhutubia baraza, lakini watu hawakuridhika.

Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka huo kwisha, serikali iliachana na uuzaji wa lazima. Leo barabara moja katikati ya jiji la Nairobi ina jina lake, ingawa wengi wanaoipita hawajui kwamba mambo yalianzia kwa ng'ombe.

Matuta ya amri

Kadhia ya 1938 iliacha kovu. Baada ya hapo, kila afisa aliyezungumzia udongo alisikilizwa kwa shaka. Watu walijiuliza: ardhi ikishatengenezwa, nani ataichukua?

Katika miaka ya 1940 serikali iligeukia kazi ya pamoja ya lazima. Wananchi walitakiwa kutoka asubuhi za siku maalumu kila wiki kuchimba matuta chini ya usimamizi wa machifu. Aliyekosa aliadhibiwa. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wameajiriwa Nairobi na Mombasa, au wako jeshini, mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Matuta mengi ya wakati huo yalikuwa membamba, yalichimbwa haraka ili kutimiza hesabu, na mvua chache zilitosha kuyabomoa. Mara nyingi mchimbaji hakuwa mwenye shamba, na mwenye shamba hakuwa ameulizwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilianzisha pia mpango wa makazi Makueni. Nchi hiyo kavu ilikuwa na vichaka vingi na mbung'o, hivyo vichaka vilifyekwa na visima vikachimbwa kabla ya familia kugawiwa mashamba. Mpango ulikuja na masharti: idadi ya mifugo, namna ya kulima, mahali pa kuweka matuta. Mwanzoni waliojitokeza walikuwa wachache. Wengi walihofia kwamba anayepokea shamba lenye masharti ya serikali hatakuwa mwenye shamba hilo. Makueni ilijaa baadaye, masharti yalipolegezwa na watu wakaanza kuhamia nchi kavu kwa uamuzi wao.

Mwethya na fanya juu

Mabadiliko yalianza katika miaka ya 1950, nayo yalikuwa na sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni mwethya. Huu ni utaratibu wa zamani wa Wakamba ambapo majirani hukusanyika kulimiana au kujengeana, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Maofisa wa maendeleo ya jamii walipoacha kupanga watu kwa amri ya chifu na kuviachia vikundi vya mwethya vichague viongozi wao na kupanga zamu zao, kazi iliongezeka. Mama aliyechimba leo kwa jirani alijua kwamba wiki ijayo majirani watakuwa shambani kwake.

Sababu ya pili ni soko. Katika miaka hiyo wakulima wa milimani waliruhusiwa kupanda kahawa, zao ambalo kwa muda mrefu walizuiwa kulilima. Mboga na matunda navyo vilipata wanunuzi Nairobi. Tuta lililoshikilia maji na mbolea kwenye mti wa kahawa lilimlipa mkulima mwenyewe.

Sababu ya tatu ni ufundi. Aina ya tuta iliyopendwa zaidi ilipata jina la Kiswahili ambalo leo linatumika hata nje ya Afrika: fanya juu. Mkulima huchimba mtaro unaokata mteremko kwa usawa, wenye upana na kina cha takribani sentimita 60, kisha hurusha udongo upande wa juu. Ukingo unaotokea hupandwa nyasi zinazoushika na kulisha ng'ombe. Kila mvua huleta udongo kidogo unaonasa nyuma ya ukingo. Baada ya miaka kadhaa shamba lililoinama huwa ngazi zilizolala sawa, na maji yaliyokuwa yakikimbilia mtoni hunywewa na mahindi na kunde.

Fanya juu ilihitaji jasho jingi mwanzoni, lakini mwenye jasho ndiye aliyekula matunda yake.

Baada ya Uhuru

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, matuta mengi yalipuuzwa. Hili halishangazi. Kwa watu waliolazimishwa kuchimba, kuliacha jembe kulikuwa sehemu ya kuwa huru. Katika miaka hiyo hiyo familia nyingi zilihamia nchi kavu za Makueni na maeneo mengine yaliyofunguka, na vichaka vikageuzwa mashamba.

Ukame wa miaka ya 1970 uliwakumbusha watu kilichopotea. Katikati ya muongo huo serikali ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo kwa msaada wa Uswidi, na mwaka 1978 ukafuata mpango wa maendeleo wa Wilaya ya Machakos uliosaidiwa na Jumuiya ya Ulaya. Maofisa walitoa mafunzo, vifaa na vipimo. Sehemu kubwa ya kuchimba ilifanywa na familia zenyewe na vikundi vya mwethya, ambavyo wanachama wake wengi walikuwa wanawake.

Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walilinganisha hali ya Machakos ya zamani na ya kisasa, wakachapisha kitabu mwaka 1994. Waligundua kwamba watu wa wilaya hiyo, pamoja na Makueni, waliongezeka kutoka takribani 240,000 mwaka 1932 hadi takribani 1,400,000 mwaka 1989. Ungetarajia ardhi iwe imekwisha kabisa. Badala yake mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti imeongezeka mashambani, na thamani ya mazao kwa kila mtu imepanda. Nchi ambayo maofisa wa miaka ya 1930 waliikatia tamaa ilikuwa imeponywa na wakazi wake.

Hata hivyo, faida haikugawanyika sawa. Familia iliyokuwa na mtu wa mshahara Nairobi ilipata fedha za kulipia vibarua, mbegu na ng'ombe wa maziwa. Mjane asiye na msaada, au kijana aliyerithi kipande kidogo cha ardhi kavu, hakufika mbali hivyo. Ukaribu na soko nao ulihesabika: mkulima wa Kilungu alifika Nairobi kwa urahisi kuliko mkulima wa Mutomo au Mutitu.

Kitui: maji chini ya mchanga

Kitui, ambayo ni pana zaidi na iko mbali zaidi na soko, imekuwa na mashaka ya maji tangu jadi. Katika sehemu nyingi kina mama walitembea saa kadhaa kutafuta mtungi mmoja. Lakini Kitui ina mito ya msimu yenye mchanga mwingi, na mchanga huo umekuwa ghala.

Bwawa la mchanga ni ukuta imara wa zege au mawe unaojengwa kukatiza mto wa msimu, ukisimama juu ya mwamba. Mvua zinapokuja, mto huleta mchanga unaojaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha kati ya punje za mchanga. Jua haliwezi kuyakausha kwa urahisi, na mbu hawapati pa kuzalia. Wananchi huyachota kwa kisima au pampu hadi ndani ya kiangazi.

Mabwawa ya aina hii yalijaribiwa Ukambani tangu enzi za ukoloni. Yalienea kwa kasi baada ya wananchi kuwa wajenzi. Shirika la Utooni lilianza kazi hiyo mwaka 1978 katika eneo la Machakos na Makueni, na shirika la SASOL likaanza Kitui katika miaka ya 1990. Mpango ulikuwa wazi: shirika lilete saruji, vyuma na fundi, jamii ilete mawe, mchanga, maji na mikono yake. Leo mabwawa ya mchanga ya Ukambani yanahesabika kwa mamia, na wageni hutoka nchi nyingine kuja kujifunza.

Bwawa la mchanga linahitaji matuta. Mteremko usio na matuta hupeleka udongo laini mtoni, na bwawa likijaa tope badala ya mchanga halihifadhi maji ya kutosha. Kwa hiyo mkulima wa juu anayechimba fanya juu anamlinda pia mama anayechota maji bondeni.

Ghala hilo hilo linaweza kuibwa kwa lori. Ujenzi ulipopamba moto Nairobi na miji mingine, mchanga wa mito ya Ukambani ukawa dhahabu. Palipochotwa bila mpango, mito ilibaki mwamba mtupu na visima vikakauka. Ugomvi juu ya mchanga umegharimu hata maisha ya watu. Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015. Mapema mwaka 2018, Kitui ilipiga marufuku usafirishaji wa mchanga na makaa nje ya kaunti. Hatua kama hizi zililenga kuokoa mito na misitu. Ziliibua pia swali la zamani: kijana aliyekuwa akipata riziki kwa kupakia mchanga au kuchoma makaa atakula nini kesho? Sheria isiyojibu swali hilo hupata utii wa mchana tu, na usiku malori hurudi.

Historia hii inasema nini leo

Katiba ya 2010 iliweka ushirikishaji wa wananchi kuwa moja ya maadili ya taifa, katika Kifungu cha 10. Pia ilikabidhi kaunti jukumu la kutekeleza sera za kuhifadhi udongo, maji na misitu. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, uamuzi kuhusu matuta, mabwawa na mito uko karibu na mwananchi kuliko wakati wowote katika miaka mia moja iliyopita. Makueni imejulikana kwa vikao vinavyoanzia kijijini na kupanda hadi kaunti, na kwa kamati za wananchi zinazosimamia miradi hadi ikamilike.

Lakini kikao peke yake hakitoshi. Hata mkoloni aliitisha mabaraza. Tofauti ni kama neno la mwananchi linaweza kubadilisha mpango. Watu wakiitwa kusaini orodha ya waliohudhuria na kusikia yaliyokwisha kuamuliwa, mradi utakuwa wa serikali, na ukiharibika utasubiri serikali. Watu wakichagua mahali pa bwawa, wakitoa mawe yao na kushika daftari la hesabu, watalitengeneza bila kuandikiwa barua. Matuta ya amri yalisombwa na mvua chache. Ya mwethya bado yanaonekana kutoka barabarani.

Kabla ya kwenda kwenye kikao cha wadi

Serikali ya kaunti inatakiwa kisheria kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kabla au kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Maoni yanayotolewa kabla ya tarehe hizo yana nguvu zaidi. Sheria ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Maswali haya yanafaa kuulizwa:

• Mradi huu ulipendekezwa na nani, na katika kikao gani?
• Nani atanufaika kwanza, na nani atapoteza malisho, shamba au kazi?
• Jamii itatoa nini, na kaunti itatoa nini?
• Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wamo katika kamati, au wamo katika orodha ya vibarua tu?
• Ukiharibika baada ya miaka mitano, nani ataurekebisha, na kwa fedha zipi?
• Ikiwa ni bwawa, mteremko wa juu yake una matuta?

Mwenye shamba linaloinama anaweza kuanza bila kungoja bajeti. Wakati mzuri wa kuchimba ni Agosti na Septemba, kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba ambazo Ukambani ndizo za kutegemewa zaidi. Anza juu ya shamba ushuke chini, na mwombe afisa wa kilimo wa wadi akupimie mstari wa usawa. Tuta lililopinda hukusanya maji mahali pamoja na kuvunjika.

Miaka ya kukumbuka

1898–1900: Njaa ya Ngomanisye.
1938: Mifugo yapunguzwa kwa lazima, Wakamba waandamana hadi Nairobi, amri yaondolewa.
Miaka ya 1940: Matuta ya lazima, mpango wa makazi Makueni waanza.
Miaka ya 1950: Vikundi vya mwethya na fanya juu vyaenea.
1963: Uhuru, matuta mengi yaachwa.
1978: Mpango wa maendeleo wa Machakos, Utooni yaanza kazi.
1990: SASOL yaanza kazi Kitui.
1992: Makueni yatengwa na Machakos kuwa wilaya.
2010: Katiba mpya.
2013: Serikali za kaunti zaanza kazi.
2015: Sheria ya mchanga Makueni.